Kupima fosfeti inavyoshikwa na ajuvanti za alumini kwenye chanjo: tarakimu moja haitoshi

Mleta mada

Heshima kwenu wanajukwaa. Uzi huu unawahusu zaidi wanaofanya kazi maabara, wanafunzi wa famasia na kemia, pamoja na yeyote anayependa kuelewa kinachoendelea ndani ya kichupa cha chanjo kabla hakijafika kwa muuguzi. Ningependa tujadili kipimo kimoja ambacho kwenye karatasi huonekana chepesi lakini huwapotosha wengi, nacho ni kipimo cha fosfeti inayoshikwa na chumvi za alumini zinazotumika kama ajuvanti, yaani zile chembe ndogo zinazowekwa kwenye chanjo ili mwili uitikie antijeni, ile sehemu ya kijidudu ambayo kinga inafundishwa kuitambua, kwa nguvu zaidi. Ripoti nyingi huishia kutoa tarakimu moja, "uwezo wa kushika fosfeti", ilhali mambo yanayotakiwa kujulikana ni mawili: uso wa chembe una nafasi ngapi, na kila nafasi inashika kwa nguvu kiasi gani. Tena yote mawili hayana maana yoyote yakitajwa bila pH, kiasi cha chumvi, joto na muda wa kusubiri.

Alumini iliingia kwenye chanjo mwaka 1926, pale Alexander Glenny na wenzake huko Uingereza walipogundua kwamba sumu ya dondakoo iliyopunguzwa makali, ikigandamana na alamu (aina ya chumvi ya alumini), humpa mnyama kinga kubwa kuliko ikidungwa peke yake. Tangu hapo imebaki kuwa ajuvanti iliyotumika kwa muda mrefu kuliko zote, na iko kwenye chanjo ambazo wazazi wa Afrika Mashariki wanazifahamu kwa majina: penta, chanjo ya nimonia, chanjo ya HPV ya wasichana na chanjo ya pepopunda.

Zipo aina mbili kuu, na anayezichanganya atapata majibu yasiyoeleweka. Ya kwanza ni ile inayouzwa kama haidroksaidi ya alumini. Kimuundo ni oksihaidroksaidi, AlO(OH), yenye fuwele hafifu za aina ya madini ya boemaiti, nyembamba kama nyuzi zenye urefu wa takriban nanomita 10, zilizoshikamana kuwa mafungu yanayofikia mikromita kadhaa. Uso wake ni mkubwa mno, karibu mita za mraba 500 kwa kila gramu, na chaji yake hufika sifuri kwenye pH ya takriban 11, kwa hiyo kwenye pH ya mwili huwa na chaji chanya. Ya pili ni fosfeti ya alumini, ambayo kwa hakika ni haidroksifosfeti isiyo na fuwele. Hii tayari imebeba fosfeti tangu inapotengenezwa, chaji yake hufika sifuri kwenye pH ya kati ya 4 na 5.5 kutegemea uwiano wa fosfeti na alumini, na kwenye pH ya 7.4 huwa na chaji hasi. Aina ya kwanza ina njaa ya fosfeti, ya pili imekwisha kushiba kwa sehemu. (Ipo pia ya tatu, haidroksifosfetisalfeti ya alumini, iliyomo kwenye chanjo ya HPV iitwayo Gardasil, lakini hiyo tuiache kwanza.)

Kwa nini tujali fosfeti hasa, na si kloraidi au naitreti? Kwa sababu kloraidi na naitreti huvutwa na chaji tu na huondoka kirahisi, ilhali fosfeti hung'oa kikundi cha haidroksili kutoka kwenye alumini ya usoni na kukaa mahali pake kwa kifungo cha moja kwa moja. Huo ndio ubadilishanaji wa ligandi. Tendo hili linaonekana kwa macho kwenye mita ya pH: chukua mchanganyiko wa haidroksaidi ya alumini kwenye maji yenye chumvi ya kawaida tu, bila bafa (myeyusho unaozuia pH isiyumbe), urekebishe pH iwe 7, kisha dondosha myeyusho wa fosfeti ambao nao umeshawekwa kwenye pH ya 7. Vimiminika viwili vyenye pH moja vikikutana, mtu angetarajia tarakimu isitikisike, lakini inaanza kupanda taratibu na kuendelea kupanda wakati kijiti cha sumaku kikizunguka, kwa sababu haidroksili zilizong'olewa zinaingia kwenye maji. Ukipima chaji ya chembe wakati huohuo utaona inashuka kutoka chanya kuelekea hasi kadiri fosfeti inavyoongezeka.

Antijeni nazo zina fosfeti zake. Antijeni ya uso ya kirusi cha homa ya ini aina B imebeba fosfolipidi, yaani mafuta yenye fosfeti, na kwa fosfeti za fosfolipidi hizo hung'ang'ania haidroksaidi ya alumini. MPL, kiambato cha mafuta cha kuamsha kinga kilichomo kwenye chanjo ya HPV ya Cervarix, nayo hushikwa kwa kundi lake la fosfeti. Kwa hiyo fosfeti ya bafa na fosfeti ya antijeni zinagombea viti vilevile, na asiyejua viti viko ngapi na vinakaliwa vipi hawezi kutabiri nani ataachwa nje.

Njia ya kawaida ya kupima ni hii. Unaweka kiasi kinachojulikana cha ajuvanti kwenye mirija kadhaa, unaongeza fosfeti ya ukolezi tofauti, unazungusha polepole hadi hali itulie, unapitisha kwenye sentrifyuji (mashine inayozungusha kwa kasi ili chembe zikae chini), kisha unapima fosfeti iliyobaki kwenye maji ya juu. Iliyopungua ndiyo iliyoshikwa. Fosfeti hupimwa kwa rangi ya buluu ya molibdeti, kwa njia ambayo Murphy na Riley waliichapisha mwaka 1962 kwa ajili ya maji ya asili: molibdeti ya amonia ndani ya asidi ya salfuriki, pamoja na asidi askobiki na antimoni kidogo, kisha usomaji kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 880.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mrija una alumini miligramu 1 kwa mililita, sawa na takriban milimoli 37 kwa lita. Tuseme umeanza na fosfeti milimoli 5 kwa lita na maji ya juu yamebaki na 3.4. Imeshikwa 1.6, na uwiano wa fosfeti kwa alumini ni takriban 0.043. Hapo hesabu inakaa vizuri. Sasa panda hadi milimoli 20, na tuseme imebaki 18.2. Imeshikwa 1.8. Lakini ikiwa kila usomaji una kosa la asilimia 2 tu, basi ile 20 inayumba kwa 0.4 na ile 18.2 inayumba kwa kiasi kinachokaribia hapo, na tofauti yao ya 1.8 inabeba kosa la zaidi ya 0.5. Yaani hapo juu kabisa, mahali ambapo watu hutafuta "uwezo wa juu", ndipo kipimo kinapokuwa dhaifu kuliko mahali pengine popote. Nimeona michoro iliyochorwa kwa mstari laini ukipita katikati ya nukta ambazo, zingepewa alama za makosa yake, zisingethibitisha kwamba mstari umelala wala kwamba unaendelea kupanda.

Karibuni tuchangie.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, ahsante kwa uzi wenye uzito. Mimi natoka upande wa udongo, na kila ulichoandika nimekikuta kazini kwa sura nyingine. Udongo mwekundu wenye asidi, kama ule wa magharibi ya Kenya, umejaa oksidi za chuma na alumini, na mkulima akimwaga mbolea ya DAP, sehemu kubwa ya fosfeti inashikwa kabla mzizi wa mahindi haujaifikia. Sisi tunapima kwa isothemu hizohizo, yaani michoro ya kiasi kilichoshikwa dhidi ya ukolezi uliobaki majini, na kwa buluu hiyohiyo ya molibdeti. Ningependa kuuliza mambo mawili. Kwanza, je, nyinyi pia mnatumia mlingano wa Langmuir, ule unaotoa idadi ya nafasi na namba ya mshiko kutoka kwenye isothemu, na kuunyoosha uwe mstari? Pili, sisi tunajua kwamba fosfeti haitulii: saa 24 za kwanza inashikwa kwa kasi, kisha inaendelea kushikwa polepole kwa siku na wiki. Kwenye chanjo mnasimamia wapi?

Mleta mada

Ndugu mchangiaji, nashukuru sana, kwa kuwa watu wa udongo walitutangulia mbali na ni hasara kwamba wanaotengeneza chanjo hawasomi kazi zao vya kutosha.

Swali la kwanza: ndiyo, Langmuir hutumika, na ndiyo, wengi huunyoosha kwa kuchora ukolezi uliogawanywa kwa kiasi kilichoshikwa dhidi ya ukolezi wenyewe. Mimi napinga desturi hiyo. Ukolezi ukiwa pande zote mbili za mchoro, mstari mnyoofu utatokea hata kama data ni mbovu, na namba ya ulinganifu ya 0.99 itamfariji mtu asiyestahili faraja. Ni bora kulinganisha mlingano moja kwa moja na data kwa programu yoyote ya takwimu, ukiwapa nukta uzito kulingana na makosa yake. Isitoshe, Langmuir mwenyewe, katika kazi yake ya mwaka 1918, alichukulia kwamba nafasi zote zinafanana na kwamba aliyekaa hamsumbui jirani. Kwenye ajuvanti hakuna hata moja kati ya hayo mawili. Fosfeti inaweza kushika alumini moja au mbili kwa pamoja, na kila inayoingia huongeza chaji hasi usoni, hivyo inayofuata hushikwa kwa ulegevu zaidi. Namba ya mshiko unayoipata ni wastani wa mambo mengi, na ndivyo inavyopaswa kuitwa kwenye ripoti.

Swali la pili ni zito zaidi. Hatua ya haraka, ile ya kubadilishana ligandi usoni, huisha mapema, lakini baada yake fosfeti huendelea kuingia kwenye vinyweleo vya mafungu, na palipo na fosfeti nyingi uso wenyewe huanza kugeuka polepole kuwa fosfeti ya alumini. Kwa hiyo neno "msawazo" linapaswa kuandikwa pamoja na saa. Mimi hushauri kupima angalau nyakati tatu zilizoachana sana, kwa mfano saa moja, siku moja na wiki moja, na kuripoti zote. Chanjo hukaa kwenye jokofu miezi mingi, na ukiwa na tarakimu ya saa moja pekee hujui kichupa kitakuwa na hali gani mwishoni mwa muda wake.

Mchangiaji wa pili

Naomba kueleweshwa kwa upande wa mikono. Tulifundishwa kuwa baada ya sentrifyuji unachukua tu maji ya juu na kusoma. Ni wapi hasa mtu anaweza kuharibu?

Mleta mada

Hapo ndipo pa kukaa kwa muda, mkuu, kwa sababu makosa makubwa ya kipimo hiki hayapo kwenye hesabu.

Mashapo ya haidroksaidi ya alumini hayafanani na mchanga uliotulia. Ni jeli ya rangi ya maziwa iliyochujuka, inayopitisha mwanga, na mpaka wake na maji ya juu hauonekani vizuri mpaka uinue mrija dhidi ya dirisha au karatasi nyeusi. Ncha ya pipeti ikikaribia mno, kinyuzi cha jeli kinafyonzwa bila mtu kukiona. Kinyuzi hicho kikiingia kwenye kitendanishi cha molibdeti, asidi ya salfuriki inakiyeyusha na kuachilia fosfeti yote iliyokuwa imeshikwa, na mashine inaisoma kama fosfeti huru. Matokeo yake unaandika kwamba ajuvanti imeshika kidogo kuliko ilivyoshika. Kwa hiyo acha kimiminika cha kutosha juu ya jeli, chukua kutoka katikati, na uzungushe tena kile ulichokichukua. Njia ya kuhakikisha ni kupima alumini kwenye maji hayohayo: ikionekana kwa kiasi kinachozidi kile kinachoweza kuyeyuka kwenye pH hiyo, sampuli imechafuka na usomaji hautumiki.

Suala la pili ni kuzimua. Buluu ya molibdeti hufuata mstari mnyoofu hadi takriban miligramu 1 ya fosforasi kwa lita, yaani kama milimoli 0.03. Ile sampuli yetu yenye milimoli 3.4 inahitaji kuzimuliwa zaidi ya mara 100, na kila hatua ya kuzimua huongeza kosa lake. Zimua kwa kupima uzito kwenye mizani, na usitegemee alama za pipeti peke yake.

La tatu ni vyombo. Baadhi ya sabuni za kuoshea vyombo zina fosfeti, na kioo huitunza. Vyombo vya kazi hii vioshwe kwa asidi hidrokloriki iliyozimuliwa, visuuzwe kwa maji safi ya maabara, na visichanganywe na vyombo vya kazi nyingine. Kila seti iwe na mrija wa maji matupu, na pia mrija wenye fosfeti bila ajuvanti uliopitia kuzungushwa, sentrifyuji na, ukitumia, chujio, kama mingine. Mrija huo wa mwisho ndio unaokuonyesha kiasi kinachonata kwenye plastiki au kwenye chujio, na ndio unaostahili kuitwa ukolezi wa mwanzo, kuliko tarakimu uliyoiandika ulipokuwa ukipima unga kwenye mizani.

Kuna pia jambo la protini. Ukipima chanjo kamili yenye antijeni, protini inayobaki kwenye maji ya juu inaweza kuganda ndani ya asidi na kuleta ukungu, na ukungu huo unasomwa kana kwamba ni rangi. Zaidi ya hayo, kitendanishi kinatambua fosfeti huru tu. Fosfeti iliyofungwa ndani ya fosfolipidi haionekani mpaka sampuli imeng'enywa kwa asidi kali na joto. Ukitaka kujua jumla, ng'enya. Ukitaka iliyo huru, usiing'enye. Na uandike ni ipi uliyoipima.

Mwisho wa hili, usiridhike na hesabu ya kutoa peke yake. Chukua jeli, ipime uzito ikiwa na maji yake, kisha iyeyushe kwa asidi na upime fosforasi na alumini kwa ICP, mashine inayopima elementi ndani ya plazma yenye joto kali. Jeli hubeba maji mengi kati ya chembe, na maji hayo yana fosfeti ya ukolezi uleule wa maji ya juu, kwa hiyo sehemu hiyo iondolewe kwa hesabu badala ya kuosha, kwani kuosha hung'oa fosfeti iliyoshikwa kwa ulegevu. Fosfeti ya jeli na ya maji ya juu zikijumlishwa na kurudisha kiasi ulichoanza nacho, unaweza kuiamini tarakimu yako. Hii pia ndiyo dawa ya udhaifu wa ukolezi wa juu nilioueleza mwanzoni, kwa sababu hapa hutoi namba kubwa kutoka kwenye namba kubwa.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mfamasia wa wilaya na swali langu ni la kazi ya kila siku. Chanjo za alumini tunakatazwa kuzigandisha. Je, kipimo hiki kinaweza kuonyesha kwamba kichupa kiliganda, na labda kuokoa vile ambavyo havijaharibika?

Mleta mada

Ndugu mfamasia, hapana. Barafu huzisukuma chembe zikandamane kuwa mafungu makubwa ambayo hayaachani tena kichupa kinapoyeyuka, na madhara hayo hutambuliwa kwa kipimo cha kutikisa mlichofundishwa, kwa kulinganisha mwendo wa mashapo na kichupa kilichogandishwa makusudi. Kilichoshindwa hapo kitupwe, na kisirudishwe kwa hoja yoyote ya kemia. Joto la kusafisha vijidudu, kwa upande mwingine, linahusika moja kwa moja na mada: haidroksaidi ya alumini ikirudiwa kwenye mashine ya mvuke, fuwele zake hukomaa, uso hupungua na uwezo wa kushika hushuka. Ndiyo maana historia ya bechi, iliingia kwenye mvuke mara ngapi na ina umri gani, inapaswa kuambatana na kila tarakimu.

Mchangiaji wa kwanza

Narudi na swali linaloniumiza kichwa. Nimesoma kwamba mshiko mkali unapunguza kinga, na nimesoma pia kwamba mshiko mkali unaiongeza. Tushike lipi?

Mleta mada

Yote mawili yamepimwa, na ndiyo sababu nasisitiza kutenganisha idadi ya nafasi na nguvu ya mshiko.

Kundi la Stanley Hem wa Chuo Kikuu cha Purdue, katika kazi za mwaka 2007 na 2009, lilitanguliza fosfeti kwenye haidroksaidi ya alumini kwa viwango tofauti ili kuulegeza mshiko wa antijeni, ikiwemo ya homa ya ini B, kisha likaangalia kingamwili za panya. Mshiko ulipokuwa mkali zaidi, kingamwili zilipungua. Kwa upande mwingine, mwaka 2020 kundi la Darrell Irvine wa MIT lilionyesha kwamba antijeni ya VVU iliyopachikwa mkia mfupi wa fosfoserini (asidi amino yenye fosfeti), ili ishikwe kwa nguvu na haidroksaidi ya alumini, iliamsha kinga bora kuliko isiyo na mkia.

Kwa maoni yangu hakuna ugomvi hapo. Antijeni inayoshikwa kwa fosfeti nyingi zilizotawanyika kwenye umbo lake lote inabanwa kwenye uso na kufichwa, na seli huipata kwa shida. Ile yenye mkia inashikwa upande mmoja tu, sehemu muhimu ikiwa imeelekea nje bila kubadilika umbo, na seli B, zile zinazozaa kingamwili, zinaweza kuichukua pamoja na chembe yenyewe. Tarakimu ya uwezo wa kushika fosfeti ingekuwa ileile kwa antijeni zote mbili na isingekuambia lolote kuhusu tofauti hii.

Kwa hiyo nguvu ipimwe peke yake. Njia ya kwanza ni kusoma isothemu pale chini kabisa, kwenye ukolezi mdogo, ambako mteremko wake ndio unaoonyesha mshiko. Ya pili ni kuzimua mchanganyiko uliokwisha kutulia na kuona ni kiasi gani kinarudi majini. Fosfeti iliyoshikwa kwa ligandi hurudi kwa uchache na polepole, na isothemu ya kurudi hailingani na ya kwenda. Ya tatu ni ushindani: weka salfeti, na fosfeti haitatikisika sana, weka sitreti au floraidi, na mambo yanabadilika, ingawa sitreti pia huyeyusha alumini yenyewe, hivyo alumini ipimwe sambamba. Sitreti imo kwenye majimaji ya mwili, kwa hiyo kipimo hiki kina maana hata nje ya maabara. Mwaka 1997 Flarend na wenzake walidunga sungura ajuvanti zenye isotopu ya alumini-26, na ndani ya siku 28 asilimia 17 ya haidroksaidi na asilimia 51 ya fosfeti ya alumini ilikuwa imeingia kwenye damu.

Ya nne ni kalorimita, inayopima joto la kila tone linaloongezwa. Ni chombo kizuri, lakini haidroksili zinazong'olewa hukutana na bafa na kutoa joto lao. Ukitumia bafa ya Tris, ambayo joto lake la kupoteza protoni ni takriban kilojuli 47 kwa moli, sehemu kubwa ya unachokisoma inaweza kuwa ya bafa na si ya mshiko. Rudia kipimo kwa bafa nyingine yenye joto dogo na ulinganishe.

Kuhusu bafa, niongeze neno kwa wanafunzi: msizimue ajuvanti ya haidroksaidi kwa PBS (maji ya chumvi yenye bafa ya fosfeti) halafu mkasema mnapima haidroksaidi ya alumini. PBS ya kawaida ina fosfeti takriban milimoli 11.8 kwa lita. Dhidi ya alumini milimoli 37, hiyo ni fosfeti moja kwa kila alumini tatu, na alumini zilizo usoni ni sehemu tu ya zote. Kabla hamjaongeza sampuli yenu ya kwanza, chaji ya uso itakuwa imeshageuka na nafasi nyingi zitakuwa zimeshakaliwa. Tumieni maji ya chumvi yaliyorekebishwa pH, au bafa isiyoshindania alumini kwa nguvu kama MOPS au histidini, na mwandike ukolezi wake kwenye jedwali lilelile lenye pH, joto, saa na umri wa bechi. Mwenye data za bechi tofauti zilizopimwa kwa wiki nzima na zaidi, naomba azilete hapa tuzisome pamoja.